Nani Anamlipa Nani Mwishoni mwa Sinema?

Mlio Butembo mjini, mlio Beni, mlio Lubero na baridi yenu, mlio Musienene, Kyondo, na ninyi wa Kasindi kule mpakani: karibuni. Mama aliye jikoni aongeze sauti kidogo, maana mada ya leo inamhusu kuliko anavyofikiri. Tunaongea sinema. Na ndani ya sinema tunaongea jambo moja: patron anayempenda mtu wa kazi yake, au mtu wa kazi anayempenda patron.

Hadithi hiyo ni ya zamani, na sinema inaila kila mwaka bila kushiba. Mwanamume ana ofisi kubwa, ana gari, ana hasira. Msichana anaingia na bahasha ya vyeti kwapani. Kidogo tu amemwagia patron kahawa. Kidogo tena patron amegundua kwamba msichana ana macho. Kabla hujamaliza karanga zako, wako kanisani. Tunapangusa machozi, tunazima taa ya sola, tunalala.

Mimi sinema ya namna hiyo ikimalizika, siulizi kama walipendana kweli. Mapenzi ya watu ni siri yao, hata wakiwa watu wa kubuniwa. Nauliza swali la mtu wa sokoni: katika picha ile ya mwisho kabisa, nani bado anamlipa nani mshahara? Swali linaonekana la ubahili, najua. Lakini jaribuni kulitumia, mtaona linavyofungua mambo.

Chukua filamu ya Marekani ya mwaka 2002, Secretary, ya Steven Shainberg, iliyotokana na hadithi fupi ya Mary Gaitskill. Saa hizi watoto wangali macho, kwa hiyo sitaieleza yote. Mwanasheria, ambaye ni James Spader, anamwajiri sekretari, Maggie Gyllenhaal, binti aliyetoka hospitali ya wagonjwa wa akili, aliyezoea kujiumiza mwenyewe kwa siri. Kila kosa la taipu lina adhabu yake, na adhabu ile polepole inageuka kuwa kitu kingine, ambacho wote wawili wanakitaka na wote wawili wanakionea haya. Wapo walioitazama wakasema ni uhuru wa mwanamke kuchagua anachokipenda. Wapo waliosema ni aibu iliyopakwa rangi ya mapenzi. Mimi naangalia kitu kidogo ambacho mabishano yale yanakipita: yule mwanasheria, moyo ulipomshinda, alimfukuza kazi. Na msichana aliporudi hakurudi kama mfanyakazi. Alirudi na gauni la harusi ambalo lilikuwa la kuolewa na kijana mwingine, akaketi kwenye meza ya ofisi, mikono juu ya mbao, akakataa kuondoka. Siku zikapita. Hapo hana mshahara wa kupoteza. Na hapo ndipo mtengenezaji wa filamu anatuomba tuamini. Hata katika sinema iliyopinda kuliko zote, mtunzi alihisi kwamba lazima kwanza avunje kontra.

Rudi nyuma zaidi, 1960. Billy Wilder anatengeneza The Apartment, ikashinda Oscar ya filamu bora. Kampuni ya bima New York, makarani mamia kwenye ukumbi mmoja. Karani mmoja, Jack Lemmon, anawaazima wakubwa ufunguo wa nyumba yake ili wapate pa kupeleka wasichana, naye anapandishwa cheo kwa huduma hiyo. Mkubwa wa wakubwa anampeleka humo binti anayeendesha lifti, Shirley MacLaine. Mkesha wa Noeli binti amemletea bwana mkubwa zawadi aliyoichagua kwa moyo wake. Bwana mkubwa hana zawadi. Anafungua pochi, anamtolea noti ya dola mia. Wasikilizaji, sijawahi kuona mapenzi ya patron yakielezwa kwa ufupi namna ile. Usiku uleule binti anameza vidonge vya usingizi, nusura afe. Na filamu inaishaje? Karani anakataa kutoa ufunguo tena, anaacha kazi. Binti anamkimbia bwana mkubwa usiku wa mwaka mpya, anapanda ngazi kumfuata yule karani asiye na ajira. Wanacheza karata. Hakuna anayemlipa mwenzake hata senti.

Sasa ile ninayoipenda kuliko zote. Imetoka India, 2018, ya mama mmoja aitwaye Rohena Gera. Jina la filamu ni Sir, na Wafaransa waliionyesha kwa jina la Monsieur, jina ambalo sisi Wakongo hatuhitaji kufafanuliwa. Ilionyeshwa mara ya kwanza Cannes, katika Wiki ya Wahakiki.

Ratna ni mjane kutoka kijijini. Alifiwa na mume akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa desturi ya kwao maisha yake yaliishia hapo. Anafanya kazi ya nyumba Mumbai kwa kijana tajiri, Ashwin, msanifu majengo, ambaye harusi yake imevunjika. Wanabaki wawili katika nyumba kubwa yenye vioo. Ratna anapika, anafua, anapokea simu na kusema bwana hayupo. Usiku anakula sakafuni jikoni, sahani mapajani. Pesa anatuma kijijini, mdogo wake asome. Moyoni anataka kuwa fundi wa nguo, fundi hasa, siyo wa kushona vifungo.

Ashwin si mtu mbaya. Hapigi kelele, hagongi mlango kwa mguu, anashukuru kwa chakula. Anamnunulia cherehani. Ratna anamshonea shati. Na mapenzi yanaingia humo kama maji yanavyoingia chini ya mlango, hakuna aliyefungua. Kijana yuko tayari kwa yote: anasema hajali watu watasema nini. Na Ratna anamwambia, kwa maneno yake, kwamba yeye anajali, kwa sababu watakaosema watamsema yeye, siyo bwana. Bwana atabaki bwana aliyefanya ujinga wa ujana. Yeye ataitwa jina ambalo halitatoka kwenye kijiji chake mpaka mdogo wake azeeke.

Basi anaondoka. Anaacha kazi, anaacha chumba. Filamu nzima hajamwita yule kijana kwa jina lake: ni Sir tu, asubuhi na jioni. Sitawaambia neno la mwisho la filamu ile ni lipi, mtaitafuta wenyewe. Nitasema tu kwamba analisema kwenye simu, akiwa tayari ana kazi nyingine, na kwamba niliposikia nilisimama kutoka kitini.

Mtu atasema: hiyo ni India, kule kuna matabaka, kuna kuzaliwa juu na kuzaliwa chini. Jamani. Nani hapa mjini hajaona binti wa kazi akila peke yake nyuma ya nyumba, wakati meza ina viti vinne vitupu?

Sinema ya Afrika yenyewe ilianza na patron. Filamu ya Ousmane Sembène ya 1966, La Noire de…, ni ya binti wa Dakar aliyechukuliwa kwenda kulea watoto wa Wafaransa kule Antibes, akajikuta amefungiwa jikoni. Mle hamna mapenzi hata kidogo, na mwisho wake ni wa kuumiza. Sisi Wakongo tulikuja na kicheko. Mwaka 1987 Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, mtoto wa Kivu hiihii yetu, akishirikiana na Mbelgiji Benoît Lamy, alitoa La Vie est belle. Papa Wemba, marehemu, ndiye Kourou, mwanamuziki maskini kutoka kijijini anayefika Kinshasa na kuwa boyi kwa tajiri mwenye baa ya muziki, Nvouandou. Kourou anampenda msichana, Kabibi. Patron wake naye anamtaka Kabibi huyohuyo, awe mke wa pili, kwa sababu nguvu za kiume zimemkimbia na mganga amemwambia dawa ni bikira. Watazamaji wanacheka hadi mbavu ziume, na Pepe Kallé yumo, muziki umo.

Lakini angalieni ujanja wa Ngangura. Hakumpa patron mapenzi ya mfanyakazi. Aliwafanya patron na boyi washindanie mtu mmoja, na akampa boyi ushindi kwa kitu ambacho patron hawezi kukinunua, yaani sauti. Kourou hashindi kwa kuongezwa mshahara. Anashinda akiwa jukwaani, ameshaacha fagio. Swali langu la mtu wa sokoni linapata jibu lilelile.

Siku hizi wenzetu wa Kenya nao wana tamthilia zao. Selina, iliyoanza 2018, ni ya Kiswahili, ya msichana wa kazi na kijana wa nyumba ya kitajiri, na najua nyumba hapa ambamo chakula kilikuwa kikiungua kwa sababu yake. Halafu kuna zile filamu za kigeni zinazotufikia kwenye flashi zikiwa zimesimuliwa Kiswahili, na msimuliaji anaweka maneno yake palepale juu ya maneno ya Mzungu au Mhindi. Nawapenda hao wasimuliaji. Patron wa Hollywood anamwambia msichana maneno ya asali, na msimuliaji anakatiza: dada, muulize kwanza mshahara wa mwezi uliopita uko wapi. Ukumbi mzima unapiga makofi. Mhakiki wa Paris anahitaji kurasa nyingi kufika pale.

Haya. Tushuke nyumbani.

Butembo ni mji wa maduka. Wafanyabiashara wetu wanafuata mali Dubai, wanaifuata Guangzhou, inapanda meli mpaka Mombasa, inapanda lori, inapita Uganda, inaingia Kasindi. Mji huu haukuisubiri Kinshasa ije iujenge. Sifa hiyo tunaipenda, na tuna haki. Lakini ina upande wa pili ambao hatuusemi redioni: mji ambao haukujengwa na serikali ni mji ambao mwajiri wake si serikali. Mwajiri ni patron. Na patron wa hapa si mtu wa saa nane kwa siku. Ndiye aliyechangia arusi ya kaka yako. Anakaa benchi la mbele misani. Mkikutana kwenye baraza la kyaghanda kuamua ugomvi wa shamba, neno lake ni zito. Kijana akimfanyia dukani miaka mingi bila kuiba, siku moja patron anampa mali auze kwanza na kulipa baadaye, na kijana naye anakuwa mtu. Matajiri kadhaa tunaowaheshimu leo walianzia chini ya meza ya mtu mwingine.

Sasa weka msichana kwenye duka hilohilo. Tumwite Kavira. Sisi Wanande majina yetu yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo Kavira wako mamia kila mtaa, na hakuna atakayesema nimemtaja binti wake. Kavira naye amefanya miaka bila kuiba. Anajua bei ya kila bati na kila kufuli, anajua nani anakopa na nani analipa. Nani amempa mali ya kuanzia? Wapo, siwezi kuwanyima sifa yao. Lakini mara nyingi ngazi ile ya wavulana, kwa msichana, inageuka kuwa ahadi: nitakuoa, nitakupangia nyumba, subiri mama watoto asijue. Anakuwa deuxième bureau, mke wa siri, huku bado anafagia bureau ya kwanza. Na mshahara wake sasa haueleweki tena kama ni wa kazi au wa kunyamaza.

Sitaki kusemwa kwamba nawachafua wafanyabiashara. Kwa hiyo niache maduka, niende kwenye jambo ambalo limeandikwa, limechunguzwa, na limetiwa saini.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola. Ilianzia Mangina, ikaingia Beni, ikaja Butembo, ikatutesa mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Hakuna anayenisikiliza sasa ambaye hakuzika mtu, au hakukatazwa kuzika mtu. Na pamoja na ugonjwa ilikuja Riposte: jeep nyeupe, hoteli zikajaa, nyumba za kupanga zikapanda bei, dola zikawa nyingi mtaani kuliko faranga. Waswahili wana msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mara ya kwanza msemo ule ulikuwa kweli neno kwa neno, na ndiyo maana kilichofuata kinauma.

Riposte ilihitaji watu. Wapishi, wafagiaji, wafuaji, watu wa kupita nyumba kwa nyumba kueleza ugonjwa. Kontra fupi, dola hamsini mpaka mia kwa mwezi, na katika Beni ile, ambamo tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa mashambani, hizo zilikuwa pesa za zaidi ya mara mbili ya mshahara wa kawaida. Na nani anachagua jina la kuingia kwenye orodha? Mwanamume mwenye jeep.

Septemba 2020, waandishi wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walichapisha uchunguzi. Wanawake 51 wa Beni walisimulia jinsi walivyodaiwa miili yao ili wapate kazi, au wasiipoteze. Thelathini kati yao waliwataja wanaume waliojitambulisha kuwa wa Shirika la Afya Duniani. Shirika likaunda tume huru, na mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa mama yetu Julienne Lusenge, mtetezi wa wanawake wa mashariki hii. Ripoti ikatoka tarehe 28 Septemba 2021: watuhumiwa 83, kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na shirika lenyewe. Madai tisa ya kubakwa. Yumo msichana wa miaka 14 aliyekuwa akiuza kadi za simu pembeni mwa barabara kule Mangina, ambaye dereva alimwambia panda nikufikishe nyumbani.

Mkurugenzi wa shirika aliomba radhi. Halafu, Novemba 2023, Associated Press iliandika kwamba wanawake wasiopungua 104 walikuwa wamelipwa dola 250 kila mmoja. Mnakumbuka ile noti ya mkesha wa Noeli.

Kwa nini naleta habari hii kwenye kipindi cha sinema? Kwa sababu hapa mtaani, wakati ule, watu wengi waliitazama Riposte kama wanavyotazama sinema ya mapenzi. Msichana akionekana ndani ya jeep, watu walisema: huyo amepata mtu. Tulitumia lugha ya mapenzi. Amependwa na docteur. Ana bahati. Wazazi wengine, tuseme ukweli, walijua na wakaula mchele ule. Na pale ujauzito ulipoonekana na jeep ilipoondoka na Riposte yake, lugha ikabadilika siku moja: akawa malaya. Aliyekuwa mkubwa wa kazi hakuitwa chochote. Alirudi kwao. Ratna wa Mumbai aliliona hilo kabla halijatokea, sisi hatukuliona hata lilipotokea.

Sasa liweke swali langu hapa. Nani anamlipa nani, na je, anayelipwa anaweza kutoka? Katika zile filamu, mtu anavunja kontra kwanza, halafu moyo unasema. Beni ilikuwa kinyume kabisa. Kontra ilikuwa inakwisha kila mara, na kila mara mwanamume yuleyule ndiye aliyeishika kalamu ya kuirefusha. Kusema hapana kulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa unga wa watoto. Hapo ukiniuliza kama kulikuwa na mapenzi, nitakuambia huenda moyoni mwa mtu mmoja au wawili yalikuwepo. Hatutajua. Hakuna aliyempa yule binti nafasi ya kujua mwenyewe.

Sheria ipo, na naisema kwa sababu wengi hawajawahi kuisikia. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006, ile ya makosa ya ubakaji na udhalilishaji, inasema anayetumia cheo chake kumbana mtu ili apate mwili wake anafungwa mwaka mmoja mpaka kumi na miwili, na faini juu yake. Sheria ya kazi ya 2002 nayo inalihesabu hilo kuwa kosa kubwa la mwajiri. Kavira akija kwenye simu akaniuliza, nitampa tarehe hizo. Akiniuliza atakula nini siku anapomshtaki patron ambaye ni mshirika wa chama kimoja cha akiba na baba yake mzazi, nitakohoa.

Na hali yenyewe haijapungua ukali. Tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa na waasi mwishoni mwa Juni 2024, tumepokea watu wa Kirumba, wa Kayna, wa vijiji vya kusini mwa Lubero, waliokimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Mabinti wao sasa wanagonga milango yetu wakiomba kufua, kubeba maji, kulala jikoni. Wanakubali mshahara wowote. Mwenye nyumba anayemwambia binti kama huyo kwamba anampenda, hata kama anasema kweli, anasema na mtu asiyeweza kutoka nje ya mlango.

Najua tayari kuna baba mmoja kule Vulindi amekasirika. Anasema: mimi mke wangu alikuwa sekretari wangu, na tuna wajukuu. Baba, nakuamini. Ndoa zilizozaliwa nyuma ya meza moja ya duka ni nyingi hapa, na baadhi ni ndoa nzuri kuliko zile zilizozaliwa kwenye kwaya. Watu wanapendana pale wanapokutana, na sisi tunakutana kazini. Nasikia tu tofauti kwa jinsi wanavyosimulia. Wale ambao ndoa zao zilikuwa za kweli mara nyingi wanakumbuka wakati fulani wa katikati: msichana alirudi kwao kwanza, au alienda kufanya mahali pengine, au mwanamume alituma wazee na mbuzi mchana kweupe, kwa baba yake, kama anavyoomba binti ambaye hajawahi kumlipa. Yaani cheo kiliwekwa chini kabla ya neno kusemwa. Wengine hawaukumbuki wakati huo. Wanasema tu: ilitokea.

Na msifikiri patron ni mwanamume siku zote. Soko la Butembo lina mama wenye maghala, wanaopanda ndege kwenda kununua vitenge na wana vijana kumi wanaowabebea. Mwaka 2024 Nicole Kidman alicheza Babygirl, ya Halina Reijn, akiwa mkurugenzi wa kampuni ya roboti anayejiingiza kwa kijana aliyekuja kujifunza kazi, na Venice wakampa tuzo ya mwigizaji bora. Mle mambo yanageuka: kijana ndiye mwenye kuamuru, kwa sababu simu moja tu ingemwangusha mama. Ni filamu yenye akili, ingawa mimi nilichoka na ofisi zake za vioo. Hapa kwetu mama mwenye ghala akionekana na kijana wake wa kazi, mji mzima utacheka wiki nzima. Baba mwenye ghala akionekana na Kavira, mji utasema ni mambo ya wanaume. Kicheko hicho nacho kingefaa kupigwa picha.

Maana kamera zinakuja hapa, sivyo? Zinakuja kwa vita. Zilikuja kwa Ebola. Zinakuja kwa sokwe wa Virunga na kwa volkano. Hiyo ni kazi muhimu, na kule Goma akina Petna Ndaliko Katondolo na Yole!Africa wamewafundisha vijana kushika kamera wenyewe. Lakini sijaona bado filamu ya msichana wa duka la vifaa vya ujenzi Butembo, ambaye hakuna anayempiga risasi, na tatizo lake ni kwamba patron wake ni mjane, mtu mwema, mwenye sauti nzuri kanisani, na yeye anampenda.

Kama kuna kijana ananisikiliza mwenye simu nzuri na wenzake wanne, nampa hadithi bure. Kavira anampenda. Patron naye. Hakuna mbaya. Siku ya mshahara anahesabiwa faranga zake juu ya meza, noti kwa noti, na wote wawili wanaona haya kwa sababu ambayo hawawezi kuisema. Wiki inayofuata Kavira anavuka barabara, anaomba kazi kwa mshindani, kwa pesa pungufu kidogo. Mtaa unasema ameiba, ndiyo maana ameondoka. Mama yake analia. Patron anakaa siku chache akizungusha kalamu. Halafu asubuhi moja, yeye mwenye makufuli mia tatu kwenye rafu zake, anavuka barabara, anasimama kwenye foleni pamoja na mafundi, na anaomba kununua kufuli. Kavira anamtajia bei. Ni ghali, na patron anajua ni ghali kuliko mtu yeyote Butembo. Je, anaomba apunguziwe? Hapo ndipo sijaamua, na nawaachia ninyi. Simu ziko wazi kuanzia sasa mpaka taarifa ya habari, namba mnaijua. Na yule baba wa Vulindi apige wa kwanza, tafadhali, nina hamu ya kujua ni nani aliyewapeleka wale mbuzi.